Shina la Mchezo na Shina la Shule

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote nilipendalo, mradi lisiwe la ofisini. Basi nitazungumza juu ya mchezo wa video. Naona wazee wengine wanatabasamu. Naomba mnivumilie, kwa kuwa mwisho wa maneno yangu utaangukia kwenye ajenda ya nne ya leo, yaani lile lango.

Mchezo wenyewe unaitwa Resident Evil. Kwao Japani huitwa Biohazard. Ulitengenezwa na kampuni ya Capcom ya mjini Osaka, chini ya uongozi wa Shinji Mikami, ukatoka mwezi wa Machi 1996. Sisi tuliokuwa hapa miaka ile tuliufahamu wakati wa likizo, katika vibanda vya mjini ambako mtu alilipa kwa dakika: mmoja akacheza na kumi wakatazama.

Kwa wasioujua, habari yake ni hii. Askari wachache wamekimbilia katika jumba kubwa lililo msituni, nalo limejaa maiti watembeao. Kamera imefungwa mahali pamoja pembeni mwa chumba, hivyo unasikia hatua za adui kabla hujamwona. Risasi ni chache. Mkoba wako una nafasi sita au nane tu, kwa kadiri ya mtu uliyemchagua, na ukichukua ufunguo huenda ukalazimika kuacha dawa. Hata kuhifadhi mahali ulipofika kuna gharama: sharti uwe na utepe wa wino wa kutia katika mashine ya taipu. Mara nyingi aliyemkimbia adui alifika mbali kuliko aliyempiga. Tulijifunza kuhesabu kwanza, ndipo tufungue mlango.

Mwaka 2005 lilitoka toleo la nne, na Mikami mwenyewe aliligeuza. Kamera ilihamia nyuma ya bega la shujaa, na utepe wa wino ukaondolewa. Lilikuwa toleo zuri mno, na kampuni nyingine nyingi ziliiga kamera ile. Lakini waliofuata walichukua bunduki wakaacha hofu. Toleo la tano, la mwaka 2009, lina shujaa mwenye misuli anayelipiga jiwe kubwa kwa ngumi mpaka likabingirika. Toleo la sita, la mwaka 2012, lilitaka kumpendeza kila mtu kwa mpigo: hadithi nne kubwa, milipuko, magari, miji ya mbali. Wapenzi wengi wa zamani walisema huu si mchezo wao tena. Lakini tuseme kweli: matoleo hayo yaliuzwa kwa mamilioni. Aliyetazama daftari la mauzo peke yake asingeona kasoro.

Toleo lile la tano linatuhusu sisi zaidi. Limewekwa katika Afrika ya kubuni, mahali panapoitwa Kijuju. Mwanamke anayefuatana na shujaa ametoka tawi la Afrika Magharibi la kikosi chao. Lakini wenyeji walioambukizwa, wanaokuja na mapanga, wanapiga kelele kwa Kiswahili! Na jina lao ni Majini. Nilipocheza mara ya kwanza nilicheka, kisha nikanyamaza. Kabla hata halijatoka, wako waliolilaumu kwa jinsi lilivyoonyesha mzungu akiwapiga risasi watu weusi. Mimi nilichomwa pia na hilo jina. Kwetu jini ana kabila lake na adabu zake. Hupungwa, huulizwa anataka nini, wako wanaoishi naye miaka. Wao walichukua neno wakaacha nyumba yake. Nadhani anayelegeza mizizi yake mwenyewe hawezi kuiheshimu ya mwenzake.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwezi wa Januari 2017 lilitoka toleo la saba. Ungetegemea kwamba waliotaka kurudi nyumbani wangerudisha kamera ya zamani. Hawakuirudisha. Kamera iliwekwa machoni pa mchezaji mwenyewe, jambo ambalo halikuwa katika matoleo makuu yaliyotangulia. Shujaa ni mtu wa kawaida, si askari, aliyekwenda Louisiana kumtafuta mkewe. Lakini iko nyumba moja iliyofungwa, risasi ni chache, mkoba ni mdogo, na iko milango ambayo hutaki kuifungua. Wapenzi wa zamani walilitambua mara moja. Mwaka 2019 toleo la pili, la mwaka 1998, lilitengenezwa upya kwa kamera ya begani, nalo pia likapokewa kwa furaha.

Maana yake nini? Kamera ilikuwa tawi tu. Shina lilikuwa uchache, na mtu kuachiwa aamue mwenyewe.

Ndugu Mwenyekiti, mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliotia sahihi ombi la kujenga upya lango letu la zamani, lenye ngao na maneno ya shule. Nalipenda lango lile. Lakini jana mchana nilizunguka shuleni nikakuta maktaba imefungwa. Kijana mmoja aliniambia kwa adabu, "Shikamoo mzee, ufunguo hukaa ofisini." Katika enzi yetu ufunguo ule ulikaa kwa mwanafunzi. Kitabu kimoja cha Fizikia tulikigawana watu watano, tukapanga zamu wenyewe, na aliyekichelewesha alijibu mbele ya wenzake. Siombi uhaba wa vitabu urudi. Ule ulikuwa shida, si sifa. Naomba urudi ule moyo wa kumwamini kijana kwa kitu cha thamani.

Kwa hiyo naiondoa sahihi yangu. Napendekeza michango yetu inunue rafu, taa na vitabu, na Mwalimu Mkuu akikubali, ufunguo ukabidhiwe kamati ya wanafunzi. Lango litatupendeza sisi tunaokuja mara moja kwa mwaka. Hawa vijana wako hapa kila siku.

Nanyi vijana, mkikabidhiwa, msituangushe.