Usafi wa Karakana ya Kuchomelea Vyuma



Hapa kwetu Kitui na Makueni kiangazi ni kirefu, na cheche huweza kuruka hata mita 10. Ikiangukia gunia, nyasi kavu au tambara lenye oili, karakana huungua na kazi yetu huisha. Basi fagieni kabla ya kuwasha moto. Mitungi isimame wima, imefungwa kwa mnyororo. Mtungi wa oksijeni usishikwe kwa mikono yenye grisi, maana huweza kulipuka. Waya zisilale njiani.

Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yataka taka ziondolewe kila siku. Tajiri asipotoa ufagio wala saa ya kufagia, mwambieni mjumbe wa chama. Lakini ufagio ukiwapo na taka zimelala, lawama ni yetu.