Maembe Yasiive Siku Moja

(Mazungumzo na darasa la kisomo, kijiji kimoja cha Mkuranga, Mkoa wa Pwani)



Tuanze na kosa letu wenyewe. Katika shamba la darasa tulipanda Dodo tupu. Dodo ni tamu, hatukatai. Lakini yaliiva yote mwezi Desemba, na ya kijiji kizima yakaiva siku hizo hizo. Mnunuzi akaja na lori, akataja bei yake. Tungefanya nini? Embe halingoji. Tuliuza kwa hasara, mengine yakaoza chini ya miti tukayazoa kwa koleo.

Safari hii tuchague aina zinazopishana. Ngowe, lile refu lenye ncha iliyopinda, huwahi. Tommy Atkins nalo huwahi. Utamu wake si mkubwa na lina nyuzi, ila huvumilia safari. Dodo letu libaki katikati, pamoja na Apple. Nyuma yake huja Kent, na mwisho kabisa Keitt. Keitt huiva ngozi ikiwa bado ya kijani. Usilingoje liwe jekundu! Libonyeze, linuse.

Jamani, msipande kokwa la Keitt. Halitoi Keitt. Tunaotesha kokwa la kienyeji, kisha tunaubebesha mche kijiti cha Keitt. Mche wa namna hiyo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4 hivi. Na mwembe mzee tusiung'oe. Tunaukata, unachipua, tunabebesha machipukizi.

Lakini embe la mwisho lina adha yake: nzi wa matunda. Yule aliyetoka Asia, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003, huongezeka kadiri msimu unavyosonga. Anataga mayai ndani ya embe, na funza wanalila. Kwa hiyo kila embe lililoanguka liokotwe, lifukiwe kwa kina. Ukiliacha, unamfugia jirani nzi.

Mvua nayo ikikuta maua, kuvu huyachoma yakawa meusi. Hapo ndipo kusoma kwetu kunafaa. Kila mti upewe namba. Andika daftarini siku ulipochanua, siku ulipoiva, na bei uliyopata. Mwakani hatutabishana kwa kukumbuka kumbuka, tutafungua daftari.

Jumanne tunabebesha. Kila mmoja aje na kisu kikali, kipande cha nailoni na daftari lake. Mwenye Keitt nyumbani atuletee vijiti, avifunge kwa kitambaa kibichi visikauke njiani.