Kupanda Mti ni Nusu ya Somo



Kila ifikapo tarehe 1 Aprili, Siku ya Upandaji Miti hapa Tanzania, wanafunzi hutoka madarasani wakiwa na majembe na ndoo za maji. Mgeni rasmi hupanda mche wa kwanza, watoto hupanda mingine, picha hupigwa, kila mtu hurudi nyumbani. Ni kazi njema, na nisingependa ikome. Lakini tukiishia hapo tumemfundisha mtoto nusu ya somo la misitu, tena nusu iliyo ndogo. Sehemu kubwa ya misitu ya nchi hii haikupandwa na mtu. Imeota yenyewe, na inachohitaji kwanza ni mtu anayeifahamu.

Somo la misitu linaanza na kuutambua mti. Chukua mninga. Kitanda cha mninga na mlango wa mninga tunavijua sote, lakini ni vijana wangapi wanaoweza kuuonyesha mninga ukiwa umesimama porini? Gome lake ni la kijivu kilichokoza, limepasukapasuka vipande vidogo. Ukilikwaruza kidogo kwa ncha ya kisu, utomvu mwekundu hutoka. Jani lake ni kikonyo kimoja chenye vijani vingi. Na kiangazi, majani yakiisha kupukutika, matunda hubaki yananing'inia: ni ya duara, yamezungukwa na bawa jembamba, na katikati yamejaa vimiiba kama kalunguyeye aliyejikunja. Mwanafunzi akizijua alama hizo zote, hata mwezi Agosti mti ukiwa mtupu hatapotea.

Kuna sababu kubwa ya kujifunza haya. Mche wa mninga una tabia ya pekee: kwa miaka kadhaa ya mwanzo, sehemu yake ya juu hufa kila kiangazi, huku chini mzizi ukizidi kunenepa. Mvua zikirudi huchipua tena, mpaka mzizi upate nguvu ya kuinua shina la kudumu. Katika miaka hiyo yote, asiyeujua huona kijiti tu katikati ya majani. Hulima hapo, huchoma hapo, kisha hulalamika kwamba mininga imekwisha. Kumbe ilikuwepo, akaipita.

Somo la pili ni kupima. Hapa mwalimu wa hisabati naye aje porini. Mti hupimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Zungusha utepe kwenye shina, gawanya mzingo kwa 3.14, umepata kipenyo. Kisha simamisha mtu mmoja awe kitovu, vuta kamba ya mita 15, zunguka nayo, na hesabu kila mti ulio ndani ya duara: mikubwa, ya kati na michanga. Hesabu hiyo inazungumza. Ukikuta mikubwa tu bila michanga, shuku moto au mifugo, maana kinachoota hakikui. Ukikuta michanga mingi na mikubwa hakuna, elewa kwamba msumeno au shoka la mchoma mkaa limepita.

Somo la tatu ni kutunza, na mfano wake bora tunao hapa nyumbani. Shinyanga ilifyekwa miti kwa miaka mingi: kuua mbung'o, kulima pamba, kupata kuni, na mifugo ikamalizia. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Miti ilipandwa, ndiyo, lakini mageuzi makubwa yalitokana na ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula kiangazi. Mradi ulipoanza, ngitili zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerejea, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya Equator. Eneo kubwa namna hiyo halikujazwa kwa miche ya vitaluni. Lilipata nafuu kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa bado hai ardhini, na watu wakakubaliana kuviacha vikue, kwa kanuni zao na faini zao.

Kuviacha hakumaanishi kukaa bure. Kisiki hai hutoa machipukizi mengi yanayogombea maji na mwanga. Mtunzaji huchagua mawili au matatu yaliyonyooka na yenye afya, hukata mengine kwa panga kali, na mwaka unaofuata hupunguza tena. Anachokata ni kuni au fito, kwa hiyo anavuna huku akitunza. Kuhusu moto, hulima mkanda wa kuuzuia. Pale inapobidi kuchoma, huchoma mapema, majani yakiwa na unyevu bado, kwa sababu moto wa Septemba na Oktoba ni mkali na huua hata miti iliyokwisha kusimama.

Na sheria ipo upande wetu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake katika ardhi yake, kuusimamia na kufaidika nao. Lakini kijiji kitapangaje mavuno ya msitu ambao vijana wake hawajui majina ya miti iliyomo wala idadi yake?

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu na kamati za shule. Tafuteni kichaka kilicho karibu, hata kama ni kidogo. Mwombeni bwana misitu aje, na mzee mmoja anayeijua miti kwa majina ya kwenu. Wanafunzi wachore duara lao, waihesabu miti yote, wachague visiki vya kutunza, kisha warudi kila mwaka kupima upya. Tarehe 1 Aprili ikifika pandeni miche kama kawaida, halafu hesabuni na ile iliyoota yenyewe. Mtoto anayemaliza shule akiwa ameuona msitu mmoja ukiongezeka kwa vipimo vyake mwenyewe atajua kuutetea mbele ya mkutano wa kijiji.