Nani Alipe, na Alipe Lini?

(Mada iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu)



Baada ya kumshukuru Allah Mtukufu, tumetakiwa tuzungumzie sera ya afya. Sisi si matabibu. Lakini nani alipie matibabu, na alipe lini, ni suala la uadilifu, na twaweza kulitazama bila ya koti jeupe.

Kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mgonjwa wa Tanzania Bara alitibiwa katika vituo vya Serikali bila ya kutozwa. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama. Wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wakasamehewa. Asiyejiweza naye akawekewa njia ya barua kutoka kwa viongozi wa kijiji au mtaa wake. Kasoro i hapo. Ugonjwa huja usiku, ilhali barua hutolewa saa za kazi. Na hata aliyesamehewa, akiambiwa dirishani kuwa dawa hakuna, huenda kununua nje, na duka la dawa halisomi barua.

Bima ililetwa ili mtu alipe kabla hajaugua. (Hukumu ya bima kisharia ina uwanja wake, na wanachuoni wamehitilafiana, leo twazungumzia mpangilio wa fedha tu.) Sheria ya mwaka 1999 ikaanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya: mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza 3 nyingine. Mkulima akapewa Mfuko wa Afya ya Jamii, uliojaribiwa Igunga mwaka 1996 na kutungiwa sheria mwaka 2001. Tofauti yao ni kubwa. Mtumishi hukatwa awe mzima au mgonjwa. Mkulima aliachiwa hiari, na katika hiari mzima husubiri, mgonjwa ndiye akimbiliaye kujiandikisha. Mfuko wa namna hiyo hauwezi kudumu. Mwaka 2023 tuliliona hilo katika Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka: usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, ikielezwa kuwa gharama zimeipita michango.

Waliotangulia walilifahamu hili. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu. Mapato yalikuwapo kabla ya mgonjwa kufika, tajiri na fukara.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima, na kuweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Sisi twaiunga mkono. Lakini swali la mwaka 1993 linarudi: nani ataandika orodha ya wasio na uwezo? Mjane anayehifadhiwa na shemeji yake atahesabiwa katika kaya ipi? Na akiachwa, alalamike wapi, kwa muda gani, naye yu kitandani? Wanaosomea sheria miongoni mwenu waanzie hapo.