Pikipiki Imetoka Gereji, Bado Ni Mgonjwa



Halmashauri imetuomba tuseme machache juu ya jambo linalokula mishahara ya wengi wetu. Pikipiki ya zamani hupelekwa gereji, hulipiwa, kisha hurudi na ugonjwa ambao haikuwa nao. Mwenyewe hukasirika, fundi hujitetea, na ufikapo mwisho wa mwezi spea mpya zimenunuliwa, lakini mtu anakwenda kazini kwa miguu.

Neno letu la kwanza ni hili: kabla ya kununua kitu chochote, ulizeni mkono wa fundi ulifika wapi. Ugonjwa uliokuja baada ya matengenezo mara nyingi hukaa pale palipofunguliwa. Kwa hiyo mwombeni fundi aandike kazi aliyoifanya, tena awape spea za zamani alizozitoa.

Tuchukue mfano wa pikipiki moja tuliyoletewa, Honda C90. Gereji ilifungua kichwa cha silinda, ikasaga valvu, ikafunga. Asubuhi injini iliwaka kwa kiki moja. Baada ya nusu saa barabarani ilizima, wala haikukubali kuwaka mpaka ipoe. Mwenyewe akaambiwa kabureta imekwisha, akanunua nyingine. Akaambiwa ni koili, akanunua. Injini ikaendelea kuzima vile vile.

Ndugu zetu, injini inayozima ikiwa na joto yapasa ipimwe ingali na joto. Ikishapoa, ushahidi umekwenda. Vipimo ni vitatu, navyo hufanywa hapo hapo kando ya njia.

Kwanza, fungueni kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba, petroli haishuki vizuri. Mkisikia hewa ikivutwa ndani, na baada ya hapo injini ikawaka, dawa ni kukizibua kitundu hicho.

Pili, angalieni cheche. Fungeni tangi kwanza, na kama petroli imemwagika, ifuteni. Toeni plagi, irudisheni katika kofia ya waya wake, igusisheni na chuma cha injini mbali na tundu lake, kisha pigeni kiki. Cheche isipoonekana, tafuteni upande wa umeme: plagi yenyewe, waya, pointi, kondensa, koili.

Tatu, rudisheni plagi mahali pake, mpige kiki polepole. Kama asubuhi ilikuwa nzito, na sasa inashuka kama hakuna kitu ndani, kompresheni inavuja.

Katika Honda ile tangi lilikuwa likipumua na cheche ilikuwako, lakini kiki ilikuwa nyepesi. Sababu yake ni hii. Valvu ikisagwa hukaa ndani zaidi katika kiti chake, na mkia wake husogea kuelekea roka, hata nafasi iliyo kati yao hupungua. Injini ikipata joto valvu hurefuka, nafasi huisha, valvu haifungi sawasawa, na kompresheni hutoroka. Valvu ya ekzosi ikiendeshwa hivyo siku nyingi huungua.

Ilitakiwa geji tu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko kabureta. Injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu katika mwendo wa kompresheni, na alama ya T katika magineti ikilingana na alama ya injini, C90 hutaka nafasi ya milimita 0.05 kwa kila valvu. Tulipopima, geji haikuingia hata kidogo. Tukalegeza nati, tukapanga nafasi, tukakaza. Pikipiki ikaenda safari yake bila kuzima.

Basi badilisheni kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, mkijaribu kila mara, ili mjue ni kipi kilichoponya. Na mkirudi kwa fundi, msirudi na matusi. Yeye naye ni mfanyakazi, anakula kwa jasho lake. Mwambieni: ikipata joto inazima, cheche ipo, kiki ni nyepesi, na wewe ulisaga valvu. Kazi iliyolipiwa ikabaki nusu, ni haki yenu imalizwe bila malipo mengine. Lakini anayedai haki yapasa aje na ushahidi mkononi.