Begi la Shule na Mzani: Mazungumzo na Wazazi wa Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa



Katika nchi hii ya Umatengo hakuna mkulima asiyeujua mzani. Kahawa ikifika kwenye ghala la chama cha msingi, mwenye gunia husimama karibu, macho yakiwa kwenye mshale, na kilo moja ikipungua huulizwa imekwenda wapi. Kule chini ziwani, usipa hupimwa kwa ndoo, na mnunuzi anayetaka ndoo ijae mpaka ifanye kilele hujulikana kijiji kizima. Lakini upo mzigo mmoja unaotoka majumbani mwetu kila alfajiri, ukapanda na kushuka vilima hivi, na hatujapata kumkuta mzazi aliyeupima. Mzigo huo ni begi la mwanafunzi wa sekondari.

Tuliingia katika jambo hili kwa mlango mwingine kabisa. Mzazi mmoja wa mwambao alituletea begi lililokatika mkanda kabla ya mwezi wa pili kwisha, akitaka kurudishiwa fedha zake. Alikuwa na haki ya kulalamika, kwani mshono ulikuwa mbovu waziwazi. Hata hivyo, tulipomwomba binti yake atuonyeshe alichokuwa akikibeba, tulinyamaza sote. Zilikuwamo kaunta buku tisa, vitabu viwili vya kiada, mkebe wa hesabu, nguo za michezo na chupa ya maji. Mkononi alikuwa na fagio na kidumu cha lita tano.

Tulimwuliza kwa nini alibeba kaunta buku zote tisa ilhali ratiba ya siku ile ilikuwa na masomo matano. Akajibu kwa adabu kwamba mwalimu huweza kuingia darasani wakati wowote apatapo nafasi, na asiye na daftari hutolewa nje au huchapwa. Tangu siku ile tumekuwa tukiuliza swali hilohilo kila tupitapo, huku nyanda za juu na kule ufukweni, na jibu halibadiliki sana. Mtoto hubeba vyote kwa kuwa anaogopa kukosa kimoja.

Sasa tufanye hesabu, maana ni hesabu ambayo yeyote aweza kuirudia nyumbani. Karatasi ya kawaida ya daftari ina uzito wa gramu 60 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Kaunta buku ambayo dukani huitwa ya kwaya tatu ina kurasa 288, yaani karatasi 144 za ukubwa wa A4. Karatasi hizo peke yake, bila majalada, hukaribia gramu 540. Zidisha kwa masomo tisa, utapata karibu kilo tano. Juu yake weka majalada magumu, vitabu vya kiada, na begi lenyewe.

Kanuni inayofuatwa na wengi duniani ni kwamba mzigo wa mgongoni wa mtoto usizidi sehemu ya kumi ya uzito wa mwili wake. Serikali ya India iliiandika kanuni hiyo katika sera yake ya mabegi ya shule ya mwaka 2020. Kwa kanuni hiyo, mtoto wa kidato cha kwanza mwenye kilo 40 astahili kubeba kilo nne. Karatasi tu zimekwisha kupita hapo, na kidumu bado hatujakigusa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Kidumu cha lita tano ni kilo tano, mbali na plastiki yake.

Jambo linalotusikitisha zaidi katika hesabu hii ni kwamba mwezi wa Januari karatasi hizo karibu zote ni tupu. Mtoto anateremka mlima na mvua, akiwa amebeba kurasa ambazo ataziandika mwezi wa Septemba.

Basi ushauri wetu wa kwanza kwa mlaji ni huu: nunua daftari la muda ulio mbele yako, usinunue la mwaka mzima. Kaunta buku ya kwaya moja ina kurasa 96, na karatasi zake ni theluthi moja tu ya uzito wa ile ya kwaya tatu. Ikijaa, hubaki nyumbani, na nyingine hununuliwa. Mwenye duka atasema kwamba ukurasa mmoja wa kaunta kubwa hutoka kwa bei nafuu zaidi, na mara nyingi husema kweli. Lakini tuitazame kalenda yetu. Shule hufunguliwa Januari, wakati fedha za kahawa ya msimu uliopita zimekwisha kwenye mbolea, na kahawa mpya ingali mitini. Mavuno ni ya katikati ya mwaka. Mvuvi wa Liuli au Mbamba Bay naye hupata fedha zake giza kwa giza, usiku ambao mwezi hauonekani na taa huvuta usipa. Kipato cha namna hii hakimlazimu mtu kulipia karatasi za Septemba katika mwezi ulio mgumu kuliko yote. Tofauti ndogo ya bei kwa kila ukurasa ni gharama ambayo sisi, kwa maoni yetu, tungekubali kuilipa.

Wapo watakaouliza: je, si elimu ni bila malipo? Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 nafuu hiyo ikafikishwa kidato cha tano na cha sita. Sare, madaftari na begi vimebaki juu ya mzazi. Ndiyo maana orodha ya mahitaji mnayopewa mtoto anapopangiwa shule ni orodha ya manunuzi, nayo yafaa isomwe kama mlaji asomavyo orodha yoyote: kipi ni lazima, kipi chaweza kusubiri, na nani aulizwe.

Tuwatendee haki walimu. Wanaodai kaunta buku zenye jalada gumu wana sababu nzuri. Daftari jepesi huchanika, jalada hutoka kabla ya Pasaka, na mtoto anayefika kidato cha nne bila maelezo ya kidato cha pili hana cha kurejea. Tena katika shule ambayo mwalimu wa hisabati ni mmoja kwa madarasa manne, ratiba iliyobandikwa ukutani huvunjika kwa sababu za kweli. Hatuwalaumu. Tunachowaomba wazazi ni kulipeleka suala hili kwenye kikao cha bodi ya shule kwa maneno mepesi: jalada gumu liruhusiwe kuwa la kwaya moja, ratiba ikibadilika, mtoto aruhusiwe kuandika kwenye karatasi na kuinakili jioni, na pawepo kabati moja lenye kufuli katika kila darasa, ambamo vitabu vya kiada vitalala. Mbao zipo, mafundi seremala wapo. Kabati moja ni gharama ndogo kwa wazazi wa darasa zima, ilimradi mchango huo ufuate utaratibu na uwe na kibali.

Pengine mtu atasema kwamba watoto wa mijini nao wana mabegi mazito. Ni kweli, lakini mtoto wa Dar es Salaam akiwa na begi zito hupanda daladala, na wa hapa hupanda mlima. Ziwa letu liko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbinga uko juu ya mita 1,300. Lami ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imewafaa wasafiri wengi, lakini njia ya mtoto kutoka nyumbani hadi lami, au hadi shule ya kata isiyo karibu na lami, ni ileile aliyopita babu yake, kando ya mashamba ya ngoro, yenye utelezi tangu Novemba hadi Aprili. Mzigo uliolegea mgongoni humvuta nyuma anapopanda na kumsukuma anaposhuka.

Hapa tuseme ukweli kuhusu afya, kwa kuwa maneno mengi husemwa. Haijathibitishwa kwamba begi la shule humpindisha mtoto uti wa mgongo kwa maisha yake yote, na hata juu ya maumivu ya mgongo wataalamu wanabishana. Yanayoonekana bila ubishi ni haya: mzigo mkubwa humfanya mtoto ainame mbele, humchosha, humbana mabega hadi mikono ikafa ganzi, na huweza kumwangusha. Mtoto anayefika darasani akiwa amechoka hivyo husinzia kipindi cha kwanza, na wengine huanza kuchelewa, kisha kutoro. Hilo latutosha kuchukua hatua bila kuongeza vitisho. Tena maumivu ya mgongo yasiyopoa hata siku za mapumziko, yanayoambatana na homa au kukonda, yasisingiziwe begi. Apelekwe zahanati mapema, kwani hata kifua kikuu huweza kushika mifupa ya mgongo.

Tuje kwenye begi lenyewe. Usilichague kwa picha iliyo mbele yake. Ligeuze, utazame mahali mkanda ulipoungana na mfuko. Uzi ulioshonwa mstari mmoja hautamaliza muhula. Unaofaa umeshonwa kwa umbo la sanduku lenye msalaba ndani yake. Shika mkanda kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono wa pili, uvute kwa nguvu mbele ya muuzaji. Muuzaji anayekukataza amekwisha kukujibu. Mikanda iwe miwili, mipana, yenye sponji na kifungo cha kuipunguza urefu. Begi lisiwe pana kuliko mgongo wa mtoto, wala lisining'inie chini ya kiuno. Nenda naye dukani. Zaidi ya hayo, begi kubwa hujazwa. Ni tabia ya begi, kama ilivyo tabia ya ghala.

Mabegi ya mtumba ya mnadani mara nyingi yana mshono imara kuliko mapya ya bei ya chini, ila kagua zipu na sakafu yake. Ukinunua jipya lisiloaminika, lipitishe kwa fundi viatu kabla ya siku ya kwanza ya shule. Kwa uzi wake mnene ataimarisha mikanda yote miwili kwa fedha ndogo, na hiyo ni bima ambayo hatujaona nyingine inayoishinda. Kwa mvua, fundi cherehani aweza kushona kipande cha turubai kama kifuniko. Zamani tulifunga madaftari kwa mifuko ya rambo. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na daftari lililolowa ni zito tena haliandikiki.

Mtoto avae mikanda yote miwili, vitu vizito vikae karibu na mgongo, na begi lifunguliwe kila jioni ratiba ya kesho ikiwa mbele yake. Dakika tano zinatosha.

Bado kuna wale waliopanga vyumba karibu na shule, wanaorudi magetoni Jumapili jioni na unga, makopa, usipa mkavu na mkaa. Mzigo wao wa siku moja huzidi mzigo wa juma zima wa wenzao. Kwa hawa tumeona mahali ambapo wazazi watano au sita walichangia bodaboda moja kupeleka vyakula vyote kwa pamoja, na watoto wakatembea na madaftari tu. Ni jambo la kuigwa. Hata suala la vidumu laweza kupatiwa utaratibu wa zamu, ili kila mtoto abebe maji siku moja ya juma, na siku hiyo aache vitabu vya kiada kabatini.

Begi likikuharibikia mapema, lirudishe dukani likiwa na risiti. Daima omba risiti, ya mashine au ya kuandikwa kwa mkono, yenye tarehe na jina la bidhaa. Muuzaji aliyekuambia kwamba begi litadumu mwaka mzima, na huku akijua halitadumu, amekupotosha. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Msipoelewana, fika kwa afisa biashara wa halmashauri yako, Mbinga au Nyasa. Uje na begi lenyewe. Maelezo ya mdomo peke yake hayatusaidii sana.

Mwisho, kuhusu mzani. Mwezi Januari mizani ya maghala ya kahawa haina kazi, na wauza samaki wengi wana mizani ya kuning'iniza. Katibu wa chama chenu akiombwa, hatadhani kwamba atamnyima mtoto kilo zake. Aanze mtoto kupimwa mwenyewe, kisha begi. Andikeni namba zote mbili kwenye karatasi moja, nanyi muilete kwenye kikao cha bodi.

Sasa tunapokea maswali. Tuanze na kina mama waliokaa nyuma, pale karibu na mlango.