Hesabu ya Safari za Watu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Hatukuja kufundisha, maana humu barazani wamo waliotutangulia kwa umri na kwa kazi. Tumekuja kueleza habari tuliyoisoma, nayo tumeiona yatuhusu sana sisi tushikao kalamu.

Huko Marekani, katika miji inayoizunguka ghuba ya San Francisco, ilijengwa reli ya umeme ya kuwachukua watu kwenda kazini na kurudi. Reli hiyo, iitwayo BART, ilifunguliwa mwezi wa Septemba 1972. Kila ajengaye njia hana budi kujiuliza: Je, watakaoipita ni wangapi? Mahesabu rasmi yalisema ya kuwa katika kila safari 100 za kwenda kazini, 15 zitafanywa kwa reli hiyo.

Desturi ya mahesabu ya siku zile ilikuwa kuugawanya mji katika sehemu, kuhesabu safari zitokazo sehemu hii kwenda sehemu ile, na kuichukulia sehemu nzima kana kwamba ni mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Lakini Daniel McFadden, mwalimu wa elimu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenziwe, walishika njia nyingine. Walianza na mtu mmoja mmoja. Kabla reli haijafunguliwa walikusanya habari za wasafiri wasiofika elfu moja: Huyu huenda kazini kwa motakaa yake, au kwa basi? Hutembea dakika ngapi hata kufika kituoni? Hungoja muda gani? Nauli yake ni kiasi gani?

Kwa majibu hayo walipima kila jambo lina uzito gani mtu anapochagua namna ya kusafiri. Tafiti za namna hii zimeonyesha mara nyingi ya kwamba dakika moja ya kungoja kituoni ni nzito kuliko dakika moja ya kukaa garini. Twadhani humu hamna ahitajiye kuletewa shahidi wa neno hilo! Tena walikubali kwamba moyo wa mtu una mambo asiyoyaona mwenye kuhesabu. Majirani wawili wenye mshahara sawa na safari sawa huweza kuchagua mbalimbali. Kwa hiyo hawakusema, "Huyu atapanda reli." Walikadiria uwezekano wa kila mmoja kuipanda, kisha wakajumlisha makadirio ya wote.

Jumla yao ilikuwa 6.3 katika 100. Reli ilipokwisha kuanza kazi, ikaonekana kwamba hesabu ya kweli ni 6.2. Mwaka 2000 McFadden alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi, pamoja na James Heckman. Hata hivyo, yeye mwenyewe alikiri kwamba bahati iliwasaidia kukaribia hivyo. Na mahali pamoja walikosa, kwani watu waliokwenda kwa miguu hata kituo cha reli walikuwa wachache kuliko walivyokadiria. Twalitaja kosa hilo kwa makusudi, maana hesabu yenye kuaminika ni ile isiyoficha ilipokosa.

Basi, ndugu zetu, hayo yatuhusu nini? Nasi twaona njia mpya zikijengwa katika miji yetu. Mjini Dar es Salaam mabasi ya mwendokasi yalianza kuchukua abiria mwezi wa Mei 2016. Kila njia ya namna hiyo yataka hesabu, na hesabu yataka majibu yetu.

Zamani kidogo karatasi ya maswali kama yale ililetwa ofisini kwetu. Twaungama mbele yenu jinsi tulivyoijaza. Tuliandika ya kuwa twatoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, na daladala twaipandia karibu na mlango. Kweli ilikuwa kwamba twatoka saa kumi na moja, twatembea nusu saa na zaidi gizani, kandambili miguuni, na viatu vya kazi tumevifunga katika gazeti tupate kuvivaa kituoni. Tuliona haya, mwenzetu mwenye kukusanya karatasi asije akasoma. Na jirani yetu wa meza ya pili aliacha wazi mahali pa nauli, akichelea ya kwamba habari hiyo itatumiwa kumpunguzia posho.

Hivyo kwa mkono wetu wenyewe tuliifuta njia yetu ya miguu. Mwenye kuhesabu akiisoma karatasi ile, ataonaje kwamba pale bondeni pahitaji kivuko, na kwamba taa yahitajiwa? Na ikiwa hesabu ya mji mkubwa yaweza kusimama juu ya majibu ya watu wasiofika elfu moja, basi jibu moja la uongo si jambo dogo.

Tumeambiwa ya kwamba karatasi nyingine zitaletwa mwezi ujao. Twawasihi wanachama wote wajibu kweli, dakika kwa dakika na senti kwa senti. Na wale watakaopewa kazi ya kuzikusanya wazifunge katika bahasha, wasisome ya wenzao wala kuyafanya mzaha, wala wasijaze kwa kubahatisha mahali palipoachwa wazi. Haya ndiyo iliyotupoteza sisi. Tusimwekee mwenzetu sababu ya kuona haya.

Kama tumekosa katika kusema, twaomba radhi.